Vigae vya Ghala la Mtwale

Nina mzee wangu. Jua halimchomi, upepo haumtikisi, wajukuu wamezaliwa wakamkuta amesimama. Lakini mvue kofia siku ya mvua, anayeyuka kama sukari kwenye chai. Ni nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni ukuta wa tofali mbichi.

Kuta za namna hiyo zilikuwa nyuma ya nyumba kubwa ya marehemu mtwale, pale Heru Juu, na Epifania alikuwa akizipima kwa miguu tangu asubuhi, huku kanga imekazwa kiunoni na uso umekazwa kuliko kanga.

"Hatua kumi na mbili kwa saba," alimwambia mumewe. "Kitanda kitaingia. Kabati litaingia. Wewe sijui kama utaingia na maneno yako yote."

Sylvesta alisimama mlangoni akiwa ameegemea nguzo. "Babu alikuwa anaweka humu magunia mia mbili ya ulezi."

"Babu hakulala humu, Baba Anania."

"Ninasema tu kwamba ni jengo la heshima."

"Heshima inavuja. Tazama juu."

Sylvesta akatazama juu, akaona mbingu katika matundu matano.

Babu yake alikuwa mtwale, akiongoza upande ule chini ya mwami, mfalme wetu, enzi za Waingereza. Alijenga nyumba kubwa, na nyuma yake akajenga ghala la nafaka na banda la gari la kukokotwa na ng'ombe. Ghala na banda vilishikana kama mapacha. Ukuta wa katikati ulikuwa mmoja, paa moja la vigae vyekundu. Ng'ombe walikufa, gari likaoza, banda wakarithi kuku, na ghala likarithi kila kitu ambacho hakuna mtu alitaka kukitupa.

Sasa ghala lilikuwa linarithiwa na Epifania, bila kuulizwa. Leonidasi, kaka mkubwa wa Sylvesta, alikuwa amestaafu kazi Mwanza, na sikukuu ya Noeli angerudi na mke na vyombo vyake. Nyumba kubwa ni ya mtoto wa kwanza, ndivyo wazee wa ukoo walivyokubaliana, wakala ugali, wakanawa mikono. Kwamba Epifania alikuwa ameifagia nyumba ile miaka thelathini na mmoja, akamuuguza mama mkwe ndani yake mpaka akamfumba macho, hilo halikupata mtu wa kulisema.

"Ninyi mtakaa ghalani," Leonidasi alisema kwenye simu, sauti ikiwa imefunguliwa wote wasikie. "Ghala lile mkilitengeneza ni zuri sana. Ila sitaki bati. Umesikia, Sylvesta? Nyumba ya mtwale ni historia. Watu watakuja kuitazama. Vigae vilevile."

"Ndiyo, kaka."

"Shemeji, umesikia na wewe?"

"Nimesikia, shemeji. Na wewe utaleta nini?"

Simu ikakatika. Mtandao wa Heru Juu huwa na akili zake, unajua pa kukatikia.

Anania, mtoto wao, aliye na duka la spea za pikipiki Kibondo, alipopigiwa alicheka. "Mama, piga bati, maisha yaende. Hayo mambo ya vigae ni ya kizamani."

"Mwambie baba yako mkubwa."

"Ah, hapo sasa umenikamata," Anania akasema, naye simu yake ikakatika.

* * *

Fundi aliitwa kutoka Kitanga. Jina lake Nduwayezu, alizaliwa Burundi, akavuka mpaka mgongoni mwa mama yake, sasa ni Mtanzania mwenye wajukuu. Katika wilaya nzima waliobaki wanaojua vigae hawafiki vidole vya mkono mmoja. Alipanda juu na kisu, akachoma boriti ya kwanza, kisu kikazama kama kwenye ugali. Akachoma ya pili, ya tatu. Akashuka anapangusa kisu kwenye suruali.

"Mawe we!" akashangaa kwa Kirundi. "Mama, hili paa linasimama kwa sababu limezoea."

"Vigae vimekufa?"

"Vigae ni vizima. Vilichomwa vikaiva, vitatuzika sote. Kilichooza ni miti. Tunashusha vigae vyote, tunaweka boriti na kenchi mpya, tunarudisha vigae. Lakini siku moja. Asubuhi kushusha, jioni kupandisha. Ukuta huu ukiona mvua bila kofia, sitaki kuwepo hapa."

"Siku moja na watu wangapi?"

"Arobaini. Wanasimama mstari, kigae kinapita mkono kwa mkono. Hata babu yenu alijenga hivyo. Itisheni ikibiri."

Ikibiri ndiyo kazi yetu ya kusaidiana. Leo kwangu, kesho kwako, na mwenye kazi anaweka chungu cha pombe ya ndizi. Miti ya boriti ilikuwepo, mikaratusi ya shamba lao wenyewe. Watu walikuwepo. Kilichobaki ni chungu, na hapo ndipo nyumba ilipowaka moto.

"Pombe haiingii hapa," alisema Sylvesta jioni ile, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni, jambo ambalo hulifanya akitaka kuonekana mnyenyekevu. Alikuwa mzee wa kanisa mwaka wa nane sasa. Kanisa lake halinywi, halivuti, na halicheki sana.

"Sijasema uinywe wewe."

"Mama Anania, ninasimama mbele za watu Jumapili. Jumamosi waone chungu uani kwangu?"

"Basi tuwape nini?"

"Chai."

"Chai."

"Ya maziwa. Na mandazi. Na chakula kizuri. Mtu aliyeshiba anataka nini tena?"

Epifania alikoroga maharage kwa muda mrefu kuliko maharage yalivyohitaji. "Umeishi hapa miaka sitini," alisema mwishowe, "na bado unaniuliza mimi mtu wa Heru Juu aliyeshiba anataka nini."

Lakini alikuwa mke wa mzee wa kanisa, na yeye mwenyewe kwaya ilimtegemea kwenye sauti ya pili. Akachinja jogoo wawili.

* * *

Jumamosi walikuja watu arobaini na watatu. Epifania aliwahesabu mara mbili kwa sababu hakuamini. Walikuja na nyimbo. Wengine walikuwa hawajawahi kukanyaga uani kwa mtwale, wakataka kuona ndani kuna nini. Mstari ukapangwa kutoka paani hadi kwenye nyasi. Juu alikuwa Nduwayezu, chini alikuwa Apoline, mjane jirani, mama wa maneno, ambaye alipokea kila kigae na kukilaza kama mtoto.

"Polepole, Melkiadi!" Apoline alipiga kelele. "Hicho si kiazi!"

"Mikono yangu imezoea vitu laini, Apoline!"

"Basi mwambie mkeo akufundishe vigumu!"

Vicheko vikapita kwenye mstari pamoja na vigae. Saa sita haijafika, paa lote lilikuwa chini, vigae vimepangwa safu kwa safu kwenye nyasi, boriti mbovu zimerundikwa kando kama mifupa ya ng'ombe. Ghala na banda vilisimama wazi, kuta tupu, zikitazama juu kwa mshangao. Sylvesta alizunguka anawashukuru watu kwa kuwashika mabega.

Wakala. Walikula vizuri, hilo Mungu ni shahidi. Wakapangusa midomo, wakasogea kivulini, wakangoja. Kimya kile cha kungoja kila mtu Heru Juu anakijua.

Melkiadi ndiye aliyeuliza, kwa adabu kabisa. "Mama Anania, tunashukuru kwa chakula. Sasa kile kingine kiko wapi?"

Epifania alikuja na sufuria ya chai. Moshi wake ulikuwa mzuri, tangawizi ilisikika mpaka barabarani.

"Karibuni chai," alisema.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimwogopesha kuliko kicheko. Mzee Niyubahwe, mwenye tanuru la matofali pale mtoni, alichungulia sufuria kama mtu anayechungulia kisima. "Chai," alisema. "Mimi chai nimekunywa kwangu."

Basi Sylvesta akafanya kosa la kusimama. "Ndugu zangu," akaanza, kwa sauti ya Jumapili, "mwili ni hekalu..."

Kabla hekalu halijafika mlangoni, mmoja alikumbuka mbuzi wake hajahamishwa. Mwingine akashikwa na homa. Wa tatu akasema mke wake anamwita.

"Mkeo si huyu hapa?" aliuliza Nduwayezu kutoka juu ya ukuta.

"Huyuhuyu ndiye ananiita."

Wakaondoka wawiliwawili, wanaaga vizuri, wanashukuru. Matusi yangekuwa nafuu. Apoline alikuwa wa mwisho. Alifuta vumbi la vigae mikononi, akamtazama Epifania, akataka kusema neno, akalimeza, akaenda.

Saa tisa walibaki Nduwayezu, msaidizi wake, Sylvesta na Epifania. Mpaka jua linazama walikuwa wamesimamisha kenchi tatu. Vigae elfu na ushee vilikuwa kwenye nyasi. Upande wa Burundi mawingu yalikuwa yanakusanyika polepole, kama watu wanaokuja msibani.

"Chai imebaki," alisema Epifania, akaketi kwenye safu ya vigae. "Sufuria nzima. Uoge nayo, Baba Anania."

* * *

Jumapili Sylvesta alitangaza shida yake kanisani. Ndugu waliguswa sana. Mchana wakaja sita, kina mama wanne na wazee wawili wenye magongo, wakasimama ndani ya ghala lisilo na paa, wakaomba. Waliomba kwa nguvu na kwa muda mrefu. Walipofika kwenye amina, tone la kwanza lilimpiga mzee mmoja kwenye kipara.

Ilikuwa mvua ya kupima tu, dakika chache. Epifania alikuwa ameazima turubai moja, likatosha nusu. Kwingine alitupa majani ya migomba, magunia, hata shuka la kitanda. Mvua ilipokatika, alipitisha kidole kwenye ukuta wa nje wa banda la gari. Kidole kilitoka chekundu, na ukutani kikabaki kifereji.

"Bwana ameizuia," alisema Sylvesta.

"Bwana amekuonyesha sampuli," alisema Epifania. "Maombi yamefika, nashukuru. Mikono je? Nitalala wapi mimi Noeli ikifika, Baba Anania? Niambie. Kwa kaka yako, kwenye korido, nikimpisha mke wake akienda chooni? Nyumba niliyofagia miaka thelathini na mmoja niiingie kwa kubisha hodi?"

Sylvesta alikuwa anakunja turubai ambalo halikutakiwa kukunjwa.

* * *

Jumatatu asubuhi Epifania alifanya jambo ambalo hakuwahi kuliwaza. Alipita njia ya nyuma ya migomba, kanga imefunikwa mpaka machoni, akaenda kwa Apoline kununua pombe.

Apoline alikuwa anakamua ndizi kwenye mtumbwi wake wa mti, mikono mpaka kwenye viwiko. Alikuwa Mkatoliki, alisali misa ya kwanza, alipika pombe baada ya misa ya kwanza, na hakuona shida katikati.

"Mwakeye, Apoline."

"Mwakeye neza. Jifunue, hakuna mchungaji humu."

Epifania akajifunua. "Nataka vyungu vinne. Vya Jumamosi."

"Ninavyo."

"Utanipa kwa bei gani?"

"Sikuuzii."

Epifania alihisi masikio yanawaka. "Pesa yangu inanuka?"

"Kaa chini." Apoline alisukuma kigoda kwa mguu. "Kaa, Mama Anania, usinisimamie kama askari wa mgambo. Unadhani watu wale waliondoka kwa kiu? Watu arobaini na watatu, wenye migomba kwao, wameshindwa kukaa nusu siku bila pombe? Sisi ni watoto wachanga?"

"Sasa kwa nini?"

"Nitegulie hiki. Ninamtuma kila mahali, yeye harudi na jembe, anarudi na shukrani. Ni nani?"

"Apoline, mimi leo sina moyo wa vitendawili."

"Ni kikapu chako cha unga. Jiko langu lilipoungua, mumeo alileta mikono? Alituma kikapu cha unga. Melkiadi alipong'oa mihogo, mgongo umemvunjika, kikapu cha unga. Niyubahwe na tanuru lake, kikapu. Miaka minane! Unga mzuri, tulikula, asante. Lakini unga haunyanyui boriti. Sisi tulikuja Jumamosi kwa jina la mtwale. Tukashusha. Kupandisha tukakuachia, ili na wewe ujue uzito."

Epifania alitazama mikono yake. Vile vikapu alikuwa akivibeba yeye mwenyewe kichwani, akijiona mkarimu njia nzima.

"Na zile nyimbo," alisema. "Mlikuwa mnaimba."

"Tulikuwa tunaimba vizuri," alikubali Apoline. "Kesho watu wanapanda maharage kwangu. Keshokutwa mihogo ya Melkiadi. Alhamisi tanuru la Niyubahwe. Mwambie mumeo aje. Yeye mwenyewe, miguu yake, jembe lake. Na watu wakikaa, akae. Asituletee unga tena, tumeshiba."

* * *

"Siendi," alisema Sylvesta.

"Utakwenda."

"Niende nikakae kwenye pombe?"

"Uende ukakae kwenye jembe."

"Jembe linaisha saa sita, Mama Anania, halafu wanazunguka chungu na mirija yao. Unataka nizunguke nao?"

"Nataka paa!" Epifania alipaza sauti mpaka kuku wa banda la gari wakatoka mbio. "Miaka minane unawakwepa watu kama wenye ukoma, halafu unawaita waje wabebe vigae vya babu yako! Unajiona msafi kuliko nani? Kuliko Apoline aliyekulazia vigae vyako kwenye nyasi? Kiburi hicho, Sylvesta! Kiburi kimevaa tai!"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu wachumbiane. Sylvesta aliketi chini, si kwenye kigoda, kwenye sakafu.

"Si kiburi," alisema. "Naogopa chungu."

"Chungu kitakufanya nini?"

"Unajua kitanifanya nini. Wewe ndiye uliyekuwa unanitoa mtaroni. Kikapu ninatuma kwa sababu kikapu hakina mdomo. Nikikaa karibu, mkono wangu unaijua njia. Haujasahau, Epifania. Miaka minane, na bado nikipita kwa Apoline siku anakamua, ninashika pumzi."

Epifania aliitafuta hasira yake, akaikuta nusu. Miaka yote minane alidhani mumewe amepona, kama mtu anavyopona homa.

"Ungesema," alisema.

"Mzee wa kanisa aseme hivyo?"

"Useme kwangu." Alivuta pumzi. "Basi tutakwenda wawili. Utakaa, na mimi nitakaa kati yako na chungu. Mkono wako ukiijua njia, utanikuta mimi njiani."

* * *

Jumanne asubuhi walipofika na majembe mawili, shamba zima liliinua vichwa.

"Leo mzee kaja na askari wake!" alisema Melkiadi.

"Mpeni sehemu ya kando," alisema mwingine. Sehemu ya kando ilikuwa ya mawe. Sylvesta akaishika. Jembe liligonga jiwe, likagonga jiwe, na kila likigonga mtu mmoja aliuliza kama hiyo ni kengele ya ibada. Saa sita viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge kama ya mtoto wa shule, na mstari wake ulikuwa wa mwisho, lakini uliisha.

Chungu kikaja. Watu wakazunguka, mirija ikazama. Epifania aliketi bega kwa bega na mumewe, mkononi ana kibuyu cha maji, akampa. Sylvesta alikunywa maji. Jasho lilimtiririka, na halikuwa la jembe. Mtu mmoja alimnyooshea mrija, kwa utani, na kwa kumpima.

"Mwache," alisema Niyubahwe, bila kuinua macho. "Nilimjua alipokuwa anakunywa. Mnataka turudi kumbeba tena? Alikuwa mzito."

Wakacheka, na safari hii Sylvesta naye alicheka, kidogo, kama anayejaribu kiatu. Akakaa mpaka wote walipoinuka. Hakuhubiri.

Jumatano aling'oa mihogo ya Melkiadi. Mvua haikunyesha. Alhamisi alibeba matofali ya Niyubahwe, na Epifania alikuwa mstarini anapokea, akitazama mawingu kila tofali la tatu.

"Wasingeweza kuja leo?" alimnong'oneza Apoline. "Nimelima, nimeng'oa, ninabeba. Wanangoja tufukie na wafu wao?"

"Jumamosi, Mama Anania. Jumamosi ni Jumamosi."

"Mvua haijui Jumamosi!"

Nayo kweli haikujua. Saa kumi ya Alhamisi ilikuja yote kwa pamoja. Walikimbia kutoka mtoni, Epifania mbele, Sylvesta nyuma na viganja vyake vilivyochubuka, wakamkuta Nduwayezu, aliyebaki akimalizia kenchi, tayari anavuta turubai. Turubai lilikuwa moja. Ghala upande huu, banda la gari upande ule.

"Wapi?" Nduwayezu alipiga kelele. "Semeni, wapi?"

Sylvesta alitazama banda la babu yake, lenye milango mipana ambamo gari la kwanza la Heru Juu lililala. Alitazama ghala.

"Anapolala mke wangu," alisema.

Wakafunika ghala. Walilishika turubai kwa mikono, watatu, mgongo kwenye ukuta wa katikati, mvua ikiwachapa kama wezi. Upande wa pili walisikia banda likianguka. Halikutoa kishindo. Lilitoa sauti ya mtu mzito anayekaa chini akiwa amechoka.

* * *

Jumamosi walikuja watu thelathini na tisa. Hawakuimba mwanzoni. Walisimama mbele ya rundo jekundu lililokuwa banda, wakavua kofia, kisha Apoline akasema, "Haya, mnangoja lizikwe?" na mstari ukapangwa. Vigae vilipanda mkono kwa mkono. Vilivyokuwa vya majengo mawili sasa vilitakiwa jengo moja, kwa hiyo Nduwayezu alichagua vizuri tu, akakataa kila chenye ufa, akiringa kama mama mkwe sokoni.

Mchana Epifania alileta chai. Watu wakanywa chai. Halafu Melkiadi akakohoa, akasema wamekuja na kitu chao, hawataki kuvunja sheria ya mtu, wanauliza tu wakiweke wapi.

Wote wakamtazama Sylvesta. Naye akatazama huku na huku, akaonyesha kwa kidole ng'ambo ya rundo la udongo, nje ya pale ulipokuwa ukuta wa nje wa banda.

"Pale," alisema. "Pale si kwangu tena. Ni kwa kuku."

Basi waliketi kwa kuku. Na Sylvesta aliketi nao, upande wa upepo, mkewe kati yake na chungu, kibuyu cha maji magotini. Jioni kigae cha mwisho kilipoingia mahali pake, Epifania aliingia ghalani peke yake, akasimama katikati, akatazama juu. Hakuona mbingu hata tundu moja. Akakaa sakafuni, akavua kandambili, akalia kidogo, si sana, kwa sababu kulikuwa na vyombo vya kuosha.

* * *

Leonidasi aliwasili siku tatu kabla ya Noeli, na mke wake, lori la vyombo, na kofia ya pama. Alizunguka uwanja mara moja, akasimama.

"Banda la gari liko wapi?"

"Lilianguka, kaka," alisema Sylvesta. "Mvua."

"Lilianguka! Sylvesta, ile ndiyo ilikuwa historia yenyewe! Ghala kila mtu ana ghala! Nimewaambia watu Mwanza kuna banda la gari! Mlishindwa kufunika na turubai?"

"Turubai lilikuwa moja, shemeji," alisema Epifania, "nasi tulikuwa wawili."

Leonidasi alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa. Akaingia nyumba kubwa. Usiku ule ilinyesha. Asubuhi alitoka na pajama, kitambaa shingoni, nyuma yake mkewe amebeba beseni lililojaa.

"Hii nyumba inavuja! Chumbani! Kitandani! Boriti zimeoza kabisa, nimebonyeza kwa kidole." Alilitazama ghala, vigae vyake vimenyooka, vimeoshwa na mvua, havina neno. "Kumbe mnao watu wa kazi. Waiteni. Kesho. Waambieni ni nyumba ya mtwale."

Sylvesta alifungua mdomo. Epifania alimtangulia. Alikuwa mlangoni kwake, sufuria ya uji mkononi, na hakuwa na haraka.

"Shemeji," alisema, "hawaitwi hivyo. Kesho watu wanapalilia kwa Melkiadi, saa kumi na mbili asubuhi. Mimi na mdogo wako tutapita hapa. Suruali hiyo uvue, utafute ya zamani. Jembe nitakuazima."